Kigari cha rimoti cha bei poa: kabla ya kulipa, kipindue ukiangalie tumboni

Saa 4 asubuhi ya sikukuu kigari kinazunguka sebuleni, taa zinawaka, watoto wanakikimbiza na bibi ameinua miguu juu ya kochi kisimgonge. Saa 10 jioni kigari kilekile kiko juu ya friji. Rimoti inabonyezwa, taa nyekundu inawaka, kigari kimenuna. Mtoto analia, baba anasema "vitu vya Kichina hivi", na Sh15,000 imeondoka hivyo.

Nyumba nyingi zenye watoto zina kigari cha namna hiyo, kama si juu ya friji basi uvunguni mwa kitanda. Na kawaida lawama huenda kwa mtoto aliyekigongesha ukutani, au kwa muuzaji aliyeuza kimeo. Wakati mwingine ni kweli. Lakini vigari vidogo vya bei ya chini mara nyingi havifi kwa kugonga ukuta, maana ni vyepesi mno kuumia kwa kasi waliyonayo. Vinakufa kwa betri. Na jinsi betri itakavyokufa inaonekana dukani kabla hata hela haijatoka mfukoni, ila wanunuzi wengi wanaangalia bodi ya juu: rangi, taa, na kama kinafanana na Lamborghini.

Ganda moja, matumbo tofauti

Sehemu kubwa ya vigari hivi, viwe vinauzwa Kariakoo, Kamukunji au kwenye ukurasa wa Instagram wa mtu anayetuma mzigo kwa basi, inatoka China. Wilaya ya Chenghai, katika mji wa Shantou mkoani Guangdong, inajulikana duniani kwa viwanda vya midoli. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata mzigo Guangzhou au Yiwu wanakutana na bidhaa za viwanda hivyo kwenye maduka ya jumla.

Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba ganda la plastiki la gari moja linaweza kuuzwa na vitu tofauti kabisa ndani. Vigari viwili vyekundu, boksi zinafanana, picha ileile ya gari linaloruka vumbi jangwani, halafu kimoja kina betri ya kuchaji na kingine kinakula betri za kawaida. Kimoja kinakata kona kushoto na kulia, kingine kinakata kona kikirudi nyuma tu. Tofauti ya bei inaweza kuwa buku tatu. Mnunuzi anayechukua cha bei ya chini akidhani amepatana vizuri, kumbe kapewa gari jingine.

Ndiyo maana wanaovijua vigari hivi, wakishakitoa kwenye boksi, kitu cha kwanza ni kukipindua.

Tumboni kuna nini

Chini ya kigari kuna kifuniko cha betri. Kikifunguliwa, kutakuwa na moja ya hali tatu.

Ya kwanza ni nafasi za betri za kawaida, zile nene kidogo kuliko za rimoti nyingi za televisheni, zenye maandishi AA. Kigari kinaweza kutaka 3 na rimoti ikataka 2. Hapa ndipo bei ya chini inapoanza kupanda kimyakimya. Chukulia kigari kimenunuliwa kwa Sh15,000 na betri zinauzwa Sh1,000 kwa jozi. Mtoto anayecheza kila siku akibadilisha betri 3 za kigari mara moja kwa wiki, hiyo ni Sh1,500. Baada ya wiki 10 betri zimekula hela sawa na gari lenyewe, na bado za rimoti hazijahesabiwa.

Tena mota ya kigari inavuta umeme mwingi kwa mpigo, tofauti na saa ya ukutani inayonyonya taratibu mwaka mzima. Betri za bei ya chini kabisa haziwezi mchezo huo. Zinachoka haraka, kigari kinaanza kujivuta, mtoto anadhani kimeharibika. Betri za alkalaini zinavumilia zaidi, na betri za AA za kuchaji ndizo zinazorudisha hela kwa nyumba yenye vigari viwili vitatu, ingawa chaja yake na betri zenyewe zinaweza kugharimu zaidi ya kigari. Kwa hiyo kigari cha betri za kawaida si kibaya, mradi mzazi ajue kwamba anaanza kulipa siku anayokinunua na ataendelea.

Hali ya pili ni kifurushi cha betri zilizofungwa pamoja kwa plastiki nyembamba, kina nyaya mbili na kichomeo kidogo. Hiki kinachajiwa kwa waya wa USB unaokuja kwenye boksi. Kikisomwa ubavuni kitaonyesha namba. Kikiandikwa 3.6V, 4.8V au 6V, kwa kawaida ni betri za nikeli, ambapo kila moja ina volti 1.2 na zimepangwa 3, 4 au 5. Zile zilizoandikwa Ni-Cd zina kadimiamu, madini yenye sumu ambayo Umoja wa Ulaya ulishaibana kwenye betri za vifaa vya kawaida vya nyumbani. Mtoto akiichezea ikiwa nzima haimdhuru. Lakini ikifa isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto nyuma ya nyumba, na hilo ndilo linalotokea kwenye nyumba nyingi.

Kikiandikwa 3.7V au 7.4V, hiyo ni lithiamu, jamii ya betri ya simu. Ni nyepesi, inabeba moto mwingi zaidi kwa ukubwa uleule, na kigari kinachangamka. Ila inataka heshima kama betri ya simu inavyotaka. Ikivimba, imekwisha. Haitobolewi, haibanwi irudi, haichajiwi tena.

Hali ya tatu ndiyo mbaya: hakuna kifuniko kabisa, au kipo lakini ndani betri imechomelewa kwa risasi moja kwa moja kwenye saketi. Siku betri hiyo ikichoka, kigari chote kimechoka. Vigari vidogo sana, vile vya ukubwa wa kiberiti au vinavyouzwa ndani ya kopo kama la soda, vingi viko hivi. Vinavutia na havichukui nafasi, lakini anayenunua ajue anacholipia ni miezi ya mchezo.

Kwa mwenye uwezo wa kuchagua, hali ya pili ndiyo ya kutafuta. Kifurushi chenye kichomeo kinaweza kubadilishwa. Wauzaji wa spea za simu na elektroniki huwa wanavyo, au fundi anaweza kutengeneza kwa kufuata volti na kichomeo cha zamani. Muhimu volti zifanane na upande wa chanya na hasi usigeuzwe.

Kuna mtego mwingine hapa unaofaa kutajwa polepole. Zipo betri za lithiamu zilizo na umbo karibu sawasawa na AA, zimeandikwa 14500. AA ya kawaida ina volti 1.5, hii ina 3.7. Mtu akizipanga 3 kwenye kigari kilichotengenezewa AA, volti zinakuwa zaidi ya maradufu, na kinachofuata ni harufu ya kuungua. Na 14500 ikiwekwa kwenye chaja ya AA za nikeli, hatari inakuwa kubwa zaidi ya harufu. Umbo linaingia, lakini anayeamua ni namba.

Waya wa chaji na usiku

Waya wa USB wa vigari vya bei nafuu mara nyingi ni kitu rahisi mno. Kwenye vile vya betri za nikeli, hasa, unaweza kuwa hauna akili ya kujikata betri ikijaa. Taa nyekundu inawaka tangu mwanzo hadi asubuhi, na betri inaendelea kupashwa moto bure.

Hesabu ya muda si ngumu. Betri ina namba inayoishia na mAh, ambayo ni kama ujazo wa tenki. Waya au karatasi ya maelekezo inaweza kuonyesha kasi ya kuchaji kwa mA. Betri ya 500mAh ikichajiwa kwa waya wa 250mA itachukua saa 2, na kwa kuwa umeme mwingine unapotea njiani, saa 2 na nusu. Basi. Kuiacha kuanzia saa 3 usiku hadi asubuhi ni kuichosha kabla ya siku zake, na kama ni lithiamu isiyo na kinga nzuri ndani, ni kulala na hatari juu ya godoro. Kigari kichajiwe mchana, mtu mzima akiwepo, juu ya sakafu au meza, mbali na pazia na kochi.

Na nyumba yenye vigari viwili iandike kila waya ni wa gari gani, hata kwa kalamu ya maka kwenye kipande cha plasta. Vichomeo vinaweza kufanana kabisa wakati waya mmoja ni wa betri ya 4.8V na mwingine ni wa 3.7V. Waya wa nikeli ukichomekwa kwenye lithiamu, betri inaweza kujazwa kupita kiasi. Watoto hawawezi kujua hilo, na wazazi wengi nao hawajui.

Baada ya kucheza, betri iachwe ipoe dakika 10 au 15 kabla ya kurudishwa kwenye chaji. Watoto hawapendi kusubiri, lakini hapo ndipo betri nyingi zinapookolewa. Kwa kawaida chaji moja inatoa mchezo wa dakika 15 hadi 30, kutegemea betri na uzito wa gari. Boksi likiahidi saa nzima, muuzaji aulizwe vizuri.

Ukubwa wake na sakafu ya nyumbani

Boksi nyingi zina namba kama 1:24, 1:43 au 1:64. Maana yake gari halisi limegawanywa mara hizo. Gari la mita 4 na nusu likipunguzwa kwa 1:24 linakuwa na urefu wa karibu sentimita 19, kwa 1:43 linakuwa sentimita 10 na nusu, na kwa 1:64 linabaki sentimita 7, yaani linaenea kiganjani. Viwanda vya midoli havifuati hesabu hiyo kwa uaminifu sana, kwa hiyo rula ni bora kuliko maandishi.

Ukubwa una maana kwa sababu ya sakafu. Kigari cha sentimita 7 kina nafasi ya milimita chache tu kati ya tumbo na chini. Kwenye vigae au saruji iliyosuguliwa kinateleza vizuri. Kwenye mkeka kinakwama, kwenye zulia la manyoya hakiondoki, na uani kwenye mchanga hakifiki popote. Nyumba ambayo watoto wanacheza nje, kwenye udongo, inahitaji kitu cha sentimita 18 na kuendelea chenye matairi makubwa ya mpira laini, hata kama chenye sura ya gari la mashindano kinapendeza zaidi.

Halafu kuna adui ambaye karatasi ya maelekezo haimtaji: nywele. Nyumba ambapo watu wanasukana rasta sebuleni, vipande vya nywele za bandia vinabaki sakafuni, na ekseli ya kigari inavikusanya kama kijiti cha kusokotea uzi. Vinajiviringisha ndani ya tairi, vinaingia kwenye gia, mota inasukuma kwa nguvu kuliko kawaida, inapata moto, betri inaisha haraka. Nyuzi za kanga na kitenge zinafanya hivyohivyo. Kibano cha nyusi na dakika 5 vinatosha kukirudisha barabarani, lakini lazima mtu apindue aone.

Vile vinavyopanda ukutani vinastahili neno moja. Vina feni ndogo inayonyonya hewa ili kigari kigandamane na ukuta. Ukuta laini wenye rangi ya mafuta unakubali. Ukuta wa plasta ya mchanga au wa rangi ya maji inayobanduka unaingiza hewa pembeni na kigari kinadondoka. Feni nayo inakula betri, hivyo muda wa mchezo ni mfupi. Ni zawadi nzuri ya kushangaza wageni kwa siku moja.

Rimoti moja, magari mawili

Mzazi mwenye mapacha, au mwenye watoto wawili wanaogombana kila kitu, ananunua vigari viwili vinavyofanana ili kuepusha ugomvi. Wanavifungua, wanawasha, na rimoti moja inaendesha magari yote mawili. Ugomvi unazaliwa upya, mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Sababu ni masafa ya redio. Vigari vya mfumo wa zamani vinatumia megahezi 27, 40 au 49, na namba hiyo huwa kwenye stika chini ya gari au nyuma ya rimoti. Viwili vyenye namba moja vikiwashwa karibu, vinaingiliana. Mara nyingi vinatambulika kwa antena ndefu ya waya au ya kuvuta kwenye rimoti. Anayenunua viwili vya aina hiyo achukue cha 27 na cha 40, na ahakikishe kwa stika, asiridhike na rangi kuwa tofauti.

Mfumo mpya ni gigahezi 2.4. Hapo kila rimoti inajitambulisha kwa gari lake vinapowashwa, kisha vinafuatana vyenyewe hata kama chumbani kuna vigari vitano. Kwa watoto zaidi ya mmoja, hii peke yake inatosha kuongezea hela kidogo.

Wapo wa tatu, hasa kwenye vigari vidogo kabisa: vinatumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Ndani ya chumba vinakwenda. Nje kwenye jua la mchana vinakuwa vipofu, na mtu akisimama kati ya rimoti na gari, mawasiliano yamekatika. Si kwamba ni vibovu, ndivyo vilivyo.

Kuhusu kukata kona, boksi lenye maandishi '4CH' au 'Full Function' linamaanisha mbele, nyuma, kushoto na kulia. Vile vya bei ya chini zaidi vinakwenda mbele moja kwa moja na kugeuka vikirudi nyuma tu. Kwa mtoto wa miaka 3 hicho kinatosha na wala hatagundua. Mtoto wa miaka 7 atakichoka kabla ya chakula cha mchana.

Na hapa kuna chaguo ambalo watu wanalipita kwa sababu ya sura. Vile vigari vya kupinduka, visivyo na juu wala chini, vyenye matairi manne makubwa, kwa kawaida havina usukani kabisa. Vina mota upande wa kushoto na upande wa kulia, vinageuka kama kifaru: upande mmoja unasonga na mwingine unarudi. Kwa kuwa hakuna kile kijiti chembamba cha kugeuzia matairi ya mbele, ambacho kwenye vigari vingine huvunjika mapema, vinavumilia mikono ya mtoto wa miaka 4 au 5 vizuri kuliko Lamborghini yoyote ya plastiki.

Betri ya kidonge si ya kubahatisha

Yote ya juu yanahusu hela. Hili linahusu uhai.

Baadhi ya vigari vidogo, na rimoti zake, hutumia betri bapa za duara, kama kitufe au sarafu. Ile iliyoandikwa CR2032 ina upana wa milimita 20. Mtoto mdogo akiimeza, inaweza kukwama kwenye koo la chakula, na hapo haisubiri kuvuja. Ikigusana na unyevunyevu wa mwili inapitisha umeme unaotengeneza kemikali inayounguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa 2. Hata betri ambayo imeshindwa kuendesha kigari bado inaweza kuwa na moto wa kutosha kufanya hivyo.

Kibaya zaidi, mtoto anaweza asionyeshe kitu cha pekee: kukohoa, kutoa udenda, kukataa kula, homa. Inafanana na mafua. Nchini Marekani, mwaka 2022, ilipitishwa sheria ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua kwenye bidhaa zenye betri hizi, baada ya kifo cha mtoto wa miezi 18 aliyemeza moja ya rimoti.

Ikishukiwa mtoto amemeza, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, na wahudumu waambiwe wazi kwamba ni betri, ili apigwe picha ya eksirei. Asilazimishwe kutapika. Ikiingia puani au sikioni pia ni dharura ileile.

Kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3, au ambako mdogo wake aliyepewa zawadi anatambaa, kigari chenye betri ya kidonge kinarudishwa kwenye shelfu. Kama kifuniko chochote cha betri kinafunguka kwa kucha bila skrubu, hivyohivyo. Alama ya uso wa mtoto ndani ya duara, yenye 0-3 na mstari uliokatiza, ipo kwenye boksi kwa sababu hiyo na kwa sababu ya vipande vidogo kama matairi na antena.

Dakika 5 za dukani

Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" halijaondoka madukani. Kwa hiyo kujaribu ni kabla ya kulipa, na mwenye duka anayekataa kigari kisijaribiwe ameshajibu swali. Wauzaji wengi Kariakoo wana betri zao za kujaribia. Cha kuchaji huwa na chaji kidogo kutoka kiwandani, na kikikosa kabisa, kichomekwe dakika 10.

Kikitembea, kitembezwe sakafuni badala ya kukishika mkononi matairi yakizunguka hewani. Gia zinazoruka hazionekani hadi kigari kibebe uzito wake. Sauti ikiwa kama ya kusaga mchanga, kibadilishwe. Kikatishwe kona pande zote mbili. Rimoti isogezwe hatua 10 nyuma kuona kama bado kinasikia. Swichi ya kuwashia izimwe na kuwashwa mara kadhaa, maana swichi legevu inaweza kuharibu gari zima lililo zima. Mwisho kisomwe kifurushi cha betri, na kichomeo chake kivutwe taratibu kuona kama nyaya zimeshika.

Risiti idaiwe. Hata kama duka halibadilishi mali, anayeshika risiti husikilizwa tofauti na asiyeshika.

Kwa mwenye mtoto mkubwa kidogo, miaka 10 na kuendelea, ambaye kigari kimeshamwingia damuni, kuna ngazi ya juu kidogo inayopatikana kwa kuagiza mtandaoni. Turbo Racing wana vigari vya 1:76, vinavyoenea kwenye vidole, na WLtoys wana vya 1:28. Bei ni ya juu mara kadhaa kuliko cha dukani mtaani. Tofauti ni kwamba usukani na mwendo vinafuata mkono: ukibonyeza kidogo kinakwenda kidogo, ukikaza kinakimbia. Na vya WLtoys vinauziwa spea moja moja, kuanzia gia mpaka ekseli. Kwa mtoto wa miaka 5 hiyo ni hela iliyopotea.

Kikigoma, kabla ya kukitupa

Kwanza zibadilishwe betri za rimoti. Taa ya rimoti inaweza kuwaka wakati betri zake hazina nguvu ya kurusha mawimbi, na watu wanahangaika na gari ambalo halina kosa.

Pili ziangaliwe springi za betri. Zikiwa na unga mweupe au wa kijani, betri ilivuja. Pamba yenye matone ya siki au limao inauondoa, kisha pakaushwe vizuri kabla ya kuweka betri mpya, na mikono ioshwe. Kigari kinachowekwa kabatini kusubiri likizo kitolewe betri za kawaida kabisa. Cha lithiamu kiachwe na chaji ya nusu, kwa sababu ikikaa tupu miezi mingi inaweza isiamke tena.

Tatu, kwa bisibisi ndogo ya nyota, bodi ifunguliwe. Mara nyingi sana ni waya mmoja uliochomoka kwenye mota. Fundi wa simu au redio anauchomelea kwa dakika 2, na bei yake ni ya kuelewana, ila aambiwe mapema asije akadhani kaletewa gari la kweli. Mota ikiwa imeungua, au saketi imepasuka, inatolewa betri na kuwekwa kando mbali na jiko na shimo la taka. Matairi, ekseli na gia wanabaki nazo watoto. Kwenye mtaa wenye watoto wanaotengeneza magari ya maboksi na waya, vitu hivyo havimalizi wiki bila kupata gari jipya.